Mwaka wa Makochi

Jina lake la daftarini walilijua walimu tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitindamimba, na mama yake alipenda kusema kwamba baada ya huyu alifunga duka na ufunguo akautupa. Alikuwa msichana mwembamba, mtaratibu, asiyeacha kitu nusu. Ukimpa chungwa alilimenya mpaka ule uzi mweupe wa mwisho, na wenzake wangekuwa wamekwisha kula, wamenawa na wameanza kuomba la pili.

Rafiki yake alikuwa kinyume chake kabisa. Huyo walimwita Chiriku, maana tangu darasa la kwanza mdomo wake haukupata likizo. Walikaa dawati moja, wakagawana rula moja, wakaugua tetekuwanga wiki moja. Walipofika kidato cha mwisho walikuwa wamekwisha kupanga kila kitu: wangesomea ufamasia, chuo kimoja, chumba kimoja, Chiriku alale kitanda cha juu kwa sababu hatulii, Kitinda cha chini kwa sababu anaogopa kuanguka.

Wazo la ufamasia lilikuwa la Kitinda. Mama yake alifanya kazi kwenye duka la dawa, lakini upande wa maboksi: kupokea mzigo, kufuta rafu, kupanga. Nyuma ya kaunta hakuruhusiwa kusimama. Jioni akirudi alimsimulia mwanawe dawa alizozigusa siku hiyo, jinsi mtu mwingine anavyosimulia wageni mashuhuri aliowaona kwa mbali. Hata kabla majibu ya maombi ya chuo hayajatoka, alikuwa amekwisha kumwambia mwenye duka, "Binti yangu atakuja kusimama hapo ulipo wewe."

Majibu yalitoka alasiri. Kitinda alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya nyumba ambapo mtandao haukuwa unakatika. Ukurasa ulizunguka, ukazunguka, halafu ukatulia. Samahani, hukuchaguliwa. Hakuwa amefeli. Alama zake zilikuwa nzuri, ila nafasi zilikuwa chache na wenye alama nzuri zaidi walikuwa wengi. Alisoma mara moja, akaizima simu, akatoka uani kufua. Nguo chafu zilipoisha akaanza kufua safi.

Mama yake aliporudi alimkuta katika hali hiyo, povu limemfika viwikoni, kamba imejaa mashuka ambayo juzi tu yalianikwa.

"Wametoa?" mama aliuliza.

"Wametoa."

"Mh."

Mama alivua viatu, akapindua ndoo akaikalia, akachukua shuka upande mmoja. Wakalikamua pamoja, huyu akisokota kulia na yule kushoto, mpaka likawa kama kamba.

Chiriku naye hakuchaguliwa. Yeye alikuja jioni ileile akilia njia nzima, kwa sauti ya msiba, majirani wakatoka milangoni kuuliza nani kafa. Alijitupa kwenye mkeka, akalia mpaka akachoka, akajifuta kamasi kwa kanga ya mama Kitinda, kisha akauliza, "Hapa kuna chochote cha kula?"

Hapo ndipo Kitinda alipocheka, na kucheka kukageuka kilio, kikawa kilio chake cha kwanza.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Waliochaguliwa walianza kuondoka na mabegi yao mapya, na kila aliyekutana na Kitinda njiani alimuuliza, bila ubaya, "Na wewe unaondoka lini?" Akaacha kwenda dukani. Akaacha kwenda hata kisimani. Waliokuwa wakijua habari zake walikuja na methali moja, ileile, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akaisikia kwa shangazi, kwa mwenye nyumba, kwa muuza mkaa, mpaka akatamani amwone huyo mhunzi amwulize vizuri koleo lake lilivunjikaje. Mchana alilala ameelekea ukutani.

Chiriku alikuja kila asubuhi na kumvuta shuka. "Inuka. Hata maiti huoshwa."

"Niache."

"Sikuachi. Nina kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mjomba wake Chiriku, kaka wa mama yake, alikuwa muosha makochi na mazulia. Mgongo ukamshinda, akalala chali, na mashine yake ikabaki stoo imefunikwa gunia. Ilikuwa mashine ya kunyonya maji, nzito kama mbuzi aliyegoma, yenye mpini huku na mpini huku. Mtu mmoja aliweza kuiburuta, lakini kuinyanyua kulitaka wawili.

Mjomba aliwafundisha akiwa amelala vilevile kwenye mkeka, anaelekeza kwa kidole cha mguu. "Kwanza vumbi. Msimwage maji juu ya vumbi, mtapata tope. Halafu jaribuni dawa yenu nyuma, mahali pasipoonekana. Povu, siyo maji. Povu! Mnanisikia? Kochi halinywi, linapanguswa. Damu, maji baridi. Wino, spiriti. Mafuta, nitawaambia kesho, sasa hivi mgongo unaniita."

Kesho yake hawakungoja. Chiriku alikuwa amekwisha kupata mteja, mama mmoja mwenye duka la vioo, mwenye makochi rangi ya maziwa. Walimwaga maji ndoo baada ya ndoo. Kochi likanywa likashiba. Weupe wote ukatoka madoa ya kahawia kama ramani, na usiku likaanza kunuka mbuzi aliyenyeshewa. Asubuhi simu ililia mpaka kuchoka.

"Tusiende," Chiriku alisema. "Tubadilishe namba."

"Tunaenda," Kitinda alisema.

Wakaenda. Yule mama alifoka, akawaita wezi, akawaita watoto wasio na haya. Kitinda alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Samahani, mama. Naomba feni." Siku hiyo na siku zilizofuata alikaa sakafuni mwa sebule ile, anakausha mto mmoja baada ya mwingine, anapitisha povu jepesi, ananyonya, anageuza. Chiriku alikaa jikoni na yule mama, akimchambulia mboga na kumpigia soga. Makochi yalipokauka yalikuwa meupe kuliko yalivyonunuliwa. Yule mama hakuwasifu. Lakini baada ya hapo alianza kuwapigia simu wenzake, na maneno yake yaliwarudia: "Hawajui kazi, ila hawakimbii."

Basi wakajifunza. Asubuhi waliibeba mashine, huyu mpini wa mbele na yule wa nyuma, ndoo na brashi zikining'inia, wakipishana maneno na wapita njia. Kitinda alikuwa wa madoa. Alipiga magoti mbele ya doa, akalitazama, akalinusa, akalipima kwa kucha, akaamua. Chiriku alikuwa wa watu. Aliwajua wenye nyumba kwa majina ya watoto wao, akajua nani ana kisukari na nani amegombana na wifi yake, na walipoondoka mwenye nyumba alikuwa amesafishwa nafsi kuliko kochi lake.

"Ukitaka kuijua nyumba," alikuwa akisema, "usitazame kabati la vyombo. Ingiza mkono nyuma ya mto wa kochi." Waliokota huko vifungo, kalamu, vijiko, hereni moja moja. Siku moja Chiriku aliingiza mkono akatoa meno ya bandia, akayatupa kwa ukelele, yakatua mapajani mwa mwenye nyumba, ambaye aliyatazama na kusema kwa utulivu, "Alhamdulillahi. Mume wangu amekula uji mwezi mzima." Walicheka mpaka wakaketi njiani, mashine katikati yao, wakishikilia mbavu.

Mama yake Kitinda aliona. Aliona mtoto anarudi na njaa, analala bila kugeuka. Usiku mmoja alimsikia anacheka usingizini. Hakumwambia. Ila kazini, mwenye duka alipomuuliza kwa kejeli, "Mfamasia wetu hajambo?" alimjibu, "Hajambo sana," na akaendelea kufuta rafu.

Na kweli Kitinda hakuwahi kuwa na furaha kama ile. Ilimjia bila kubisha hodi, katikati ya kazi, mikono imechakaa kwa sabuni, Chiriku anaimba vibaya chumba cha pili. Aliwaza: kumbe ningechaguliwa nisingeijua siku hii. Wakaanza kuzungumzia kukodi chumba chenye mlango wa barabarani, kununua mashine ya pili, kumwajiri hata mjomba aje akae kwenye kiti kupokea simu.

Kulikuwa na bibi mmoja ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Aliwaita kwa sababu mwanawe alikuwa anakuja, yule aliyeondoka zamani akaishi nje. Sebule yake ilikuwa ndogo, makochi mawili ya kijani na kiti kimoja cha mkono ambacho bibi mwenyewe alikikalia. Waliyaosha vizuri. Bibi aliyatandikia mashuka yasipate vumbi, akawatoa mpaka ngazini, anatabasamu.

Baada ya muda akawaita tena. Walipanda ngazi wakihema, wakafunua mashuka. Makochi yalikuwa kama walivyoyaacha. Hata alama za brashi zilikuwa bado zimelala upande uleule.

"Bibi," Kitinda alisema, "haya hayana hata doa."

"Najua, mjukuu wangu."

"Mwanao alikuja?"

Bibi alikuwa anatafuta kitu kwenye pindo la kanga, hakukipata. "Alipata udhuru. Osheni tu. Nikisikia maji na brashi naona kama kuna mtu anakuja."

Kitinda akatazama mashine. Chiriku ndiye aliyeketi, pwaa, kwenye kochi la kijani, kochi ambalo halikuwa limekaliwa na mtu, akasema, "Bibi, hebu tuambie, alipokuwa mtoto alikuwa mtukutu?" Bibi akasimulia. Wakakaa naye mpaka jua likahama dirishani, kisha wakaosha makochi safi, kwa makini yote, kana kwamba ni machafu.

Waliposhuka, Chiriku alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa, akalia. Siyo kile kilio chake cha msiba. Kilikuwa kidogo, cha ndani.

"Mtu anakwendaje huko akamsahau mtu hivi?" alisema. "Tusiombe tena, Kitinda. Dirisha la maombi ya chuo likifunguliwa, tusiombe. Tunakwenda kupiga hodi kwa watu wasiotutaka, tunaacha wanaotutaka. Hapa tuna kazi. Tuko wawili. Tumalize hiki tulichoanza."

Kitinda aliweka ndoo chini. Yeye, chuo alikuwa bado anakiota. Kulikuwa na siku alisoma maandishi madogo kwenye chupa za sabuni zao, akayatamka majina yale marefu polepole, kwa utamu. Chiriku alikuwa hajawahi kuyasoma.

"Kweli?" aliuliza.

"Haki ya nani. Ukiapa naapa."

Wakashikana vidole vidogo, watu wazima wazima, kwenye ngazi ya jengo la watu.

Dirisha la maombi lilipokaribia kufungwa, mama alimkuta Kitinda anakunja vitambaa vya kazi.

"Wanafunga wiki hii," mama alisema.

"Najua, mama."

"Na?"

"Tumekubaliana hatuombi."

"Nani na nani?"

"Mimi na Chiriku."

Mama alivuta pumzi. "Mwanangu, kuku wa kufugwa na watu wawili, siku ya kuchinja ndiyo utajua kisu kiko kwa nani."

"Mama, humjui Chiriku?"

"Namjua. Nimemlisha miaka mingapi? Ninampenda. Ninachosema ni kisu."

Kitinda aliudhika, akaingia ndani. Siku ya mwisho alifungua ukurasa, akautazama muda mrefu, akaandika hata jina lake. Kisha akawaza ngazi, vidole, na Chiriku akilia kile kilio kidogo. Akafunga. Hakujisikia mpumbavu. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyemnunulia mwenzake zawadi ya bei kubwa na hatamwambia bei.

Miezi ikapita, kazi ikawa nyingi. Ndipo siku moja Chiriku akaja akiwa kimya. Alisema tu, "Leo tunaosha nyumbani kwetu. Baba anataka makochi yawe safi, kuna wageni Jumamosi."

Baba yake Chiriku alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu wa maneno machache na amri nyingi. Makochi yake yalikuwa ya ngozi bandia ubavuni na kitambaa katikati, na Kitinda aliyajua kila doa: hili ni la chai aliyoimwaga yeye mwenyewe walipokuwa darasa la tano, hili la rangi ya kucha ni la Chiriku. Alipiga magoti akaanza. Alikuwa na furaha kuyapata mwishowe mikononi mwake. Chiriku alikuwa anapangusa mahali pamoja tu.

"Unaumwa?" Kitinda aliuliza.

"Hapana."

"Wageni gani hawa wa kukufunga mdomo? Posa?"

Chiriku alifungua kinywa. Kabla hajasema, mlango ukasukumwa, shangazi yake akaingia kwa vigelegele, begi kubwa la magurudumu mkononi, jipya, bado lina karatasi za nailoni.

"Yuko wapi mfamasia wetu? Njoo shangazi akubusu! Nilisema mimi, mtoto huyu hapotei!" Alimkumbatia Chiriku akamzungusha, na alipokuwa anamzungusha akamwona Kitinda sakafuni. Alimjua, alimpenda, akamchekea kwa moyo mweupe. "Na wewe mwanangu, mnakwenda pamoja, sivyo? Nyinyi pete na kidole. Wewe umechaguliwa chuo hichohicho?"

Mashine ilikuwa bado inanguruma. Kitinda alinyoosha mkono akaizima.

"Mimi sikuomba, shangazi," alisema.

"Hukuomba? Kwa nini?"

Chiriku alikuwa anatazama begi. Kitinda alimtazama yeye. Kisha akainama, akawasha mashine, akaendelea na kochi. Alinyonya maji ya mto ule, akaugeuza, akapiga povu mto mwingine, akafika kwenye doa la chai, akalisugua kwa duara ndogo ndogo mpaka likatoka. Hakuacha pembe. Shangazi aliingia jikoni akinong'ona na mama yake Chiriku. Kazi ilipokwisha, Kitinda alikunja waya, akabeba ndoo mpaka kibarazani nyuma, akamwaga maji machafu, na hapo ndipo akaketi.

Chiriku alimfuata. Akakaa mbali naye kidogo, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Baba ndiye aliyenikalisha," alisema. "Usiku ule wa mwisho. Alisema mtoto wa kike haoshi makochi ya watu maisha yake yote. Nikajaza fomu ili anyamaze. Nilijua hawatanichagua, Kitinda. Wallahi nilijua. Mwaka jana si walinikataa?"

"Na walipokuchagua?"

"Nikaogopa."

"Tangu lini unajua?"

Chiriku akataja mwezi. Kitinda akakumbuka nyumba zote walizoingia mwezi ule na uliofuata, nyimbo zote mbaya, vicheko vyote.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakitaka chuo," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na ndiyo iliyomtisha Chiriku. "Wewe ulikuwa unanifuata mimi. Tangu zamani. Mimi nilikuwa nakitaka."

"Najua."

"Wewe ndiye uliyesema tusiombe."

"Najua! Na nilikuwa nasema kweli! Siku ile pale kwenye ngazi nilikuwa nasema kweli, Kitinda."

Na Kitinda aliamini, na hilo ndilo lililomuua. Angekuwa amedanganywa angepata pa kuielekeza hasira. Lakini Chiriku alisema kweli siku ile, na akasema kweli siku nyingine mbele ya baba yake, na kila ukweli ulidumu kadiri ya pumzi iliyousema. Yeye ndiye aliyeuchukua mmoja akaujengea nyumba. Ule mwaka uliokuwa maisha yake, kwa mwenzake ulikuwa baraza tu la kungojea mvua ikatike.

Jumamosi hakwenda kwenye sherehe. Alisikia muziki kutoka kitandani. Mama yake alikuja akakaa miguuni pake, na Kitinda alijua neno lililo mdomoni mwake ni kisu, akalingoja. Mama hakulisema. Alimkanda miguu tu, kidole baada ya kidole, mpaka muziki ukazimwa.

Alfajiri ya safari ndiyo aliyokwenda. Alilisukuma lile begi la magurudumu mpaka kituoni. Chiriku aliongea njia nzima: atapiga simu kila siku, likizo zote atarudi waoshe pamoja, chumba cha barabarani wakikodi tu, mwaka ujao Kitinda ataomba na watakaa chumba kimoja, kitanda cha chini atamwekea. Basi lilipoondoka alitoa mkono dirishani akapunga mpaka kona. Kitinda alirudi kwa miguu, na siku hiyo walikuwa wameahidi kwenda kwa mwenye duka la vioo.

Alikwenda peke yake. Mashine aliiburuta, na penye ngazi alimwomba mpita njia ashike mpini wa pili. Yule mama akafungua mlango, akatazama nyuma yake. "Yule kasuku wako yuko wapi?"

"Amekwenda kusoma."

"Aa! Basi leo tutakuwa kimya kama kaburini."

Kila nyumba waliuliza. Kila nyumba akajibu. Bibi wa ghorofa ya tatu hakuuliza. Alimwangalia mlangoni, akamshika mkono, akamkalisha kwenye kochi la kijani, na makochi siku hiyo hayakuoshwa.

Simu za kila siku zikawa za kila wiki, zikawa ujumbe, zikawa picha za watu wasiojulikana wakicheka kwenye ukumbi mkubwa. Kitinda alijibu zote. Alijifunza kuandika "hahaha" akiwa ameketi kimya.

Likizo ya kwanza Chiriku alirudi kweli, na kweli wakaenda kazini pamoja. Alikuwa amesuka nywele mtindo mpya, kucha ndefu, akavua pete kabla ya kushika brashi. Kitinda aliamka siku hiyo na moyo unamdunda kama wa mchumba. Walishika mashine, huyu mbele, yule nyuma, lakini hatua zikawa hazioani, mashine ikawa inawagonga magoti. Ndani ya nyumba Chiriku alimwaga maji juu ya vumbi.

"Vumbi kwanza," Kitinda alisema kwa upole.

"Aa, nimesahau! Tope la mjomba!" Akacheka, na kwa muda mfupi alikuwa yeye.

Ndipo simu yake ikalia. Akaipokea kwa bega, mikono ina povu. Alisikiliza, akacheka kicheko ambacho Kitinda hakukijua, kisha akasema, "Ngoja, nitakupigia. Niko na mtu hapa."

Akarudi kazini. Hakuona alichosema. Kitinda aliendelea kusugua. Mtu. Alilirudia neno hilo mdomoni bila sauti, kama anavyopima doa asilolijua limetokana na nini. Hakukuwa na ubaya ndani yake. Lilikuwa neno safi kabisa, na hakuwa na dawa yake.

Hawakugombana. Hakuna siku ambayo mtu angeweza kusema, siku hii urafiki ulikwisha. Likizo ya pili Chiriku alikwenda kwa rafiki zake wa chuo. Ya tatu alikuja, wakaonana dukani, wakakumbatiana, wakaahidiana.

Kitinda aliendelea. Alimpata mwenzake mpya, mama wa makamo aliyeachwa na mumewe, mwenye mikono yenye nguvu na asiyependa maneno, na kazi haikuyumba. Chumba chenye mlango wa barabarani kilipatikana. Mjomba, mgongo umepata nafuu, alikaa kwenye kiti akapokea simu kwa sauti ya waziri. Na dirisha la maombi lilipofunguliwa tena, Kitinda aliomba bila kumwambia mtu. Ufamasia hakupata. Alichaguliwa chuo kidogo cha hapohapo mjini, masomo ya maabara, madarasa ya jioni. Aliposoma jibu, kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye jina la Chiriku, kikakaa juu yake. Akaizima simu. Akaenda mpaka duka la dawa akaingia kwa mlango wa nyuma, upande wa maboksi, akamwambia mama yake. Mama alikuwa amebeba katoni. Hakuiweka chini. Aliikumbatia ileile, akalia juu yake, mpaka mwenye duka akatoka nyuma ya kaunta kuuliza nani kapata nini.

Jioni ya kwanza walikuwa darasani watu wa kila namna, wengine wamevaa sare za kazini. Mwalimu alitaka kila mtu asimame aseme alikuwa anafanya nini tangu alipotoka shule. Mmoja alikuwa askari wa geti, mmoja alikuwa analea mapacha. Kitinda alijua atakachosema: nilikuwa naosha makochi. Hakukionea haya. Alisimama.

"Nilikuwa na rafiki yangu," alisema, "tulikuwa tunaosha…"

Sauti ikakatika. Alingoja irudi, haikurudi. Machozi yalimshuka mbele ya watu asiowajua, naye amesimama wima, mikono imeshika dawati.

Mwalimu akavua miwani. "Pole sana," alisema taratibu. "Alifariki lini?"

Kitinda alifungua kinywa amsahihishe. Msichana wa dawati la mbele alikuwa amegeuka, ameshika kifua. Askari wa geti alikuwa ameinamisha kichwa. Pole, dada, mtu alisema nyuma. Pole sana. Jikaze, ndiyo dunia.

"Asanteni," Kitinda alisema, akakaa.